Maji ya Zamzam kwa Bibi Zöhre

Siku Sevcan aliporudi kutoka shule na mtandio mweupe kichwani, mama yake alifurahi. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, maana watu wakisimulia yaliyowafika hupenda kujifanya waliona moshi kabla ya moto. Yeter hakuona moshi wowote. Aliona mtoto wake wa darasa la tatu, mashavu mekundu kwa baridi, theluji kwenye nyusi, na mtandio wenye vimaua vya uzi ukingoni, kazi ya mkono wa mtu mwenye subira.

Kaufuma Mwalimu Mualla mwenyewe, mtoto akasema, na kampa yeye peke yake.

Huyo Mualla alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, na Mungu hakumjaalia mtoto. Asubuhi za baridi aliwasimamisha watoto karibu na jiko la darasani, akavishika vidole vyao kimoja kimoja katika viganja vyake mpaka vipate moto, ndipo aanze hesabu. Sevcan alipokuja mji wa Kayseri kutoka kijijini, wenzake walimcheka kwa matamshi yake ya shamba. Mualla akamkalisha kiti cha mbele na kumtuma yeye kufuta ubao, kazi ambayo watoto huigombania kuliko peremende. Kwa hiyo kama Yeter angeambiwa ataje mtu mmoja wa kumshukuru katika mji ule mzima, angemtaja huyo.

Bibi Zöhre, mama mkwe wake, alikuwa ameketi pembeni mwa jiko akichambua dengu. Akautazama mtandio, akautazama uso mdogo uliokuwa ndani yake, akasema umempendeza kama theluji juu ya tufaha. Kisha akamuuliza, ukishauvaa unafanya nini?

"Nasali, bibi. Mwalimu katufundisha. Kwani wewe mbona husali?"

Yeter akajitia kukoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Nyumba ile ilikuwa ya Waalevi, Waislamu wanaomfuata Ali kwa njia yao wenyewe. Sala ya kwao Bibi Zöhre ilikuwa kikao: wanaume na wanawake wanakaa duara, mzee anapiga gambusi, waliogombana wanapatanishwa kwanza, halafu Husein, mjukuu wa Mtume, analiliwa, ndipo chakula kinaliwa pamoja. Msikitini hawakuwa wakienda, na mfungo wao mkubwa ulikuwa wa Muharram, si wa Ramadhani. Kijijini hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa sababu wote walikuwa hivyo. Lakini Hıdır, baba yake Sevcan, alipopata kazi ya uashi mjini, alileta familia yake na amri moja tu: tusijitaje. Majirani ni watu wazuri, alisema, tusiwape sababu ya kuwa wabaya.

Basi kila mwaka, Ramadhani ikiingia na mpiga ngoma ya daku akipita mtaani, Yeter alikuwa akiamka, anawasha taa ya jikoni ili madirisha ya jirani yaione, anasimama kidogo akipiga miayo, anaizima na kurudi kulala. Bibi Zöhre alimcheka sana kwa hilo. "Humu ndani," alikuwa akisema, "mwenye kufunga Ramadhani ni taa peke yake. Mwenyezi Mungu aipe thawabu zake."

Na Sevcan je? Sevcan hakuambiwa lolote. Bibi alitaka kumwambia. Zaidi ya mara moja alianza, "Sisi, mjukuu wangu, ni watu wa Ali," na Yeter akamkatiza kwa jambo la mkate au la kuni. Wakibaki wawili alimwomba: mama, mtoto ana mdomo, na mwenye mdomo hapewi siri, akikua tutamwambia.

"Mtoto asiyepewa kitu nyumbani, binti yangu, huokota njiani," bibi akamjibu. Yeter akasema akikua, mama, akikua. Mama yeyote mwenye mtoto shuleni na ayashike maneno hayo ya bibi kabla ya kuendelea kusoma.

Maana shule ile ilikuwa ya serikali, ya watoto wa kila mtu, na mwalimu alilipwa afundishe kusoma na kuhesabu. Lakini katikati ya somo Mualla alikuwa akifunga kitabu, anaketi ukingoni mwa meza, na kuwasimulia watoto habari za pepo na moto. Hakutumia fimbo wala ukali. Laiti angekuwa mkali, watoto wangeyasahau walipofika uwanjani. Alisimulia kwa sauti ile ile ya kupasha vidole moto, na kwa sababu walimpenda, kila neno lilizama. Siku moja akawaambia kwamba kila mmoja wao ana mtu nyumbani asiyesali. Mshikeni mkono, akasema, msije mkamtafuta peponi siku ile msimwone.

Watoto wengine labda walikuwa na wajomba wa kuhesabu. Sevcan alikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa.

Kuanzia hapo hakumpa bibi nafasi. Akipiga magoti kuchochea jiko, mtoto anatandika mswala kando yake. Akitoka kunawa, anamwelekeza kibla. Bibi akayachukua kwa mzaha, kama alivyoyachukua yote maishani. Alisema magoti yake yamekwishafunga mkataba na sakafu kwamba hayatainama ila kwa kuchochea moto. Zamani Sevcan angeanguka kwa kicheko. Sasa hakucheka. Alianza kula polepole huku akimwangalia, kama mtu anayemuaga msafiri.

Mchana mmoja Yeter akamkuta ameketi kando ya bibi aliyesinzia, anaupapasa mkono wake, ule mkono wenye mishipa na makunyanzi, uliojaa alama za tanuri la mkate.

"Mama," akanong'ona, "mkono huu nao utaungua?"

Yeter alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini akafikiria uwanja wa shule, akafikiria mtoto akisema mama yangu kaniambia hivi, bibi yangu ni hivi, akamfikiria Hıdır juu ya jukwaa la ujenzi na watu wanaoshika ngazi yake. Ulimi ukatoa kitu kingine kabisa: "Wewe msikilize mwalimu wako, usiulize sana."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata jibu.

Muharram ikaingia mwishoni mwa baridi, theluji ikiwa imeshageuka matope barabarani. Bibi Zöhre akafunga kama alivyofunga tangu usichana wake. Kwa watu wake, siku zote kumi na mbili hawali nyama wala hawanywi maji matupu, kwa sababu Husein na watoto wake walinyimwa maji pale Kerbela mpaka wakauawa na kiu yao. Jua likizama hufuturu kwa mtindi mwepesi, chai, au maji yaliyochemshiwa matunda makavu, lakini maji safi ya mtungini, yale yanayokata kiu hasa, hayagusi mdomo. Yeter naye alifunga, kimya kimya, akijisingizia tumbo.

Sasa kazi ya Sevcan ya kila jioni ilikuwa kujaza birika la maji la bibi na kuliweka dirishani karibu na kitanda. Akaona birika halipungui. Akauliza. Yeter akamwambia bibi hana hamu ya maji tu. Kisha bibi akapata mafua, mafua yakashuka kifuani, akawa anakohoa na kulala mchana, midomo imekauka na kupasuka. Na birika bado limejaa.

Mtoto akampelekea habari mtu aliyemwamini. Akamwambia mwalimu kwamba bibi yake anaumwa na siku nyingi sasa anakataa maji.

Mualla hakujua lolote kuhusu nyumba ile. Alichosikia ni mzee mgonjwa anayekataa maji, na alikuwa amemuuguza mama yake mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho. Akaingiwa na huruma. Akamwambia Sevcan jambo ambalo wanawake wengi wa kule huliamini: kwamba mtu anapokaribia kufa hushikwa na kiu kubwa, na hapo shetani humjia na kikombe cha maji ya baridi, akamwambia nipe imani yako nikupe unywe. Ndiyo maana mgonjwa hudondoshewa maji mdomoni kwa pamba na kutamkiwa shahada sikioni, ili shetani akifika akute kiu imekwisha. Kisha akamtolea kutoka mkobani kichupa cha maji ya Zamzam, masalio ya hija ya mama yake, kitu ambacho hangempa mtu ovyo. Akampa mtoto wa watu, kwa mapenzi.

Yeter alikuwa uani akianua nguo zilizoganda kamba nzima kama mbao. Aliingia na suruali za Hıdır zimesimama zenyewe mikononi mwake, akakuta mlango wa chumba uko wazi nusu. Sevcan amepiga magoti kitandani, mtandio mweupe kichwani, kichupa mkono mmoja na pamba mkono wa pili. Anasema shahada, anadondosha, anasema tena, anadondosha, na machozi yake nayo yanaangukia pale pale, kwenye uso wa bibi.

Bibi alikuwa macho. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Maji matupu, katikati ya Muharram, katika kinywa ambacho mwezi huo hakikuwa kimeyaonja tangu kabla Hıdır hajazaliwa.

Yeter akaziachia suruali. Aliona mambo mawili kwa mara moja: mfungo wa mama mkwe wake umevunjwa, na mtoto wake, aliyemzaa mwenyewe, anamuaga bibi yake mchana kweupe na hakuna aliyemwambia kwamba bibi hafi. Akataka kumvuta mtoto kwa mkono. Bibi akamtazama tu, naye akasimama.

"Unafanya nini, kipenzi changu?" bibi akauliza, sauti imekwaruza.

Sevcan akaeleza yote kwa kwikwi. Shetani na kikombe. Kiu. Moto. Kwamba yeye hataki kwenda peponi peke yake kwa sababu hamjui mtu kule.

Bibi Zöhre hakuufuta mdomo. Alimvuta mtoto akamlaza kifuani, juu ya kikohozi chake. Kisha akasema, "Siku ile ya Kerbela, watu walikuwa maelfu na mto ulikuwa karibu. Angekuwepo mtoto mmoja tu kama wewe, mwenye kichupa kama hiki, mimi leo nisingekuwa na cha kulilia."

Halafu akamgeukia Yeter. Hakumlaumu. Alimuuliza tu, "Sasa nimwambie, au bado hajakua?"

Yeter akaketi sakafuni kati ya nguo zilizoanza kuyeyuka na kulowesha zulia. "Mwambie, mama," akasema. "Mwambie yote."

Akaambiwa. Husein na mto aliozuiliwa, na mtoto mchanga wa Husein aliyenyanyuliwa juu ili aombewe tone la maji. Kwa nini birika halipungui. Kikao cha kijijini, gambusi, na yeye mwenyewe Sevcan alivyokuwa akisinzia kwenye paja la bibi watu wakizunguka kwa ibada. Akakumbuka, akasema kumbe ile haikuwa harusi. Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mtoto akaruka kutafuta maji, akasimama katikati ya chumba, akafikiri, akaenda kuleta chai.

Baadaye akauliza lile lililokuwa likimkaba. "Kwa hiyo bibi hufi?"

"Nitakufa, lakini si wiki hii. Sijapika ashura ya kumalizia mfungo."

"Na mfungo wako? Nimeuharibu?"

"Nilikuwa nimelala," bibi akasema. "Aliyelala haandikiwi. Tena yalikuwa ya Zamzam, kutoka kwa mtu aliyenihurumia bila kunijua. Husein hana ugomvi na maji ya namna hiyo."

Hıdır alipopewa habari jioni hakufurahi. Alisema usiuchokoze mzinga ukiwa huna pa kukimbilia. Yeter alimwonea huruma, kwa sababu hofu ya Hıdır ilikuwa pacha wa hofu yake. Lakini alimwambia kwamba mzinga umeshachokozwa, na aliyeumwa ni mtoto.

Mfungo ulipokwisha wakapika ashura: ngano, kunde, njegere, zabibu kavu, tini na kila kilichosalia kabatini, kikachemka tangu asubuhi mpaka nyumba nzima ikanukia mdalasini. Bibi, aliyekuwa amepata nafuu, alisimamia sufuria kama jemadari. Akajaza bakuli la kwanza, akalipamba kwa punje za komamanga, akalifunika. Kisha akachukua kile kichupa kitupu cha Zamzam, akakijaza asali ya zabibu iliyotoka kijijini. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu," akasema. "Mpelekeeni mwenyewe."

Yeter alisoma mpaka darasa la tano tu, na mlango wa shule ulimtia jasho hata siku za ripoti. Siku hiyo alisimama nje ya darasa akiwa na bakuli mikononi, watoto wakipita na kulinusa, na mara mbili aligeuka kurudi nyumbani. Aliyemsukuma ni Sevcan, kwa kichwa chake, mgongoni, kama mwana-kondoo.

Mualla akawapokea kwa furaha. La kwanza aliuliza hali ya mgonjwa. Yeter akamwambia amepona, na huyu ndiye aliyepika. Akaweka bakuli mezani, akaweka kichupa, kisha akasema bila kupamba, kabla ujasiri haujamkimbia: "Mwalimu wangu, sisi ni Waalevi. Mama alikataa maji kwa sababu alikuwa amefunga."

Darasa lilikuwa tupu na jiko lilikuwa likivuma. Uso wa Mualla ulibadilika taratibu. Akalitazama bakuli, na Yeter alijua kwa nini analitazama, maana kuna watu mjini mle waliolelewa wasile kutoka sufuria ya Mualevi. Mtu haulizi kwa nini, anakua hivyo.

Hatimaye mwalimu akasema alikusudia mema. Hakukusudia kumuudhi mtu.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na bakuli," Yeter akajibu. "Ungekuwa mtu mbaya ningekuja na mume wangu."

Mualla akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. Akaanza kusema kwamba yeye, mbele ya Mungu, anawajibika kwa watoto hawa, kwamba hawezi kunyamaza huku akiona. Yeter hakuwa na elimu ya kumjibu, wala hakujaribu. Alisema lile moja alilokuja nalo.

"Utuombee, mwalimu wangu, hatukatai dua ya mtu. Lakini umemfundisha mwanangu kumlilia bibi yake akiwa hai. Usiku anamshika pua aone kama anapumua. Hesabu nifundishie, kusoma nifundishie. Bibi yake niachie mimi."

Mwalimu akakigeuza kichupa mkononi. Machozi yalimlenga, na haikujulikana ni ya toba au ya kuumizwa. Labda hata yeye hakujua. Sevcan, ambaye hakuvumilia kuwaona watu wawili anaowapenda wamenyamaza, akafunua bakuli, akachomeka kijiko, akalisukuma mbele. "Kula, mwalimu. Bibi kaweka komamanga nyingi upande wako."

Mualla akakitazama kijiko. Akachota kidogo, nchani tu. Akala. Kisha akachota kijiko kamili, kwa sababu ashura ile, acha tuseme ukweli, ilikuwa nzuri.

Bakuli halikurudi haraka. Yeter alipita siku baada ya siku akisikiliza mlango, akijiuliza litarudi na nini, au litarudi limeoshwa na kukaa tupu, jambo ambalo kule lingekuwa jibu tosha. Likarudi mikononi mwa Sevcan. Lilikuwa limejaa njegere za kukaanga, na juu yake tasbihi mpya ya kahawia.

Bibi Zöhre akaichukua tasbihi, akaipima uzito, akacheka. "Kashindwa kujizuia, maskini. Haya, haiozi." Akaivaa mkononi, na tangu siku hiyo aliihesabia majina ya watu wake wa Kerbela.

Je, Mualla aliacha? Msidanganywe. Aliacha kwa muda, kisha akaanza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na mpaka leo yupo mwalimu kama yeye katika darasa fulani, akikaa ukingoni mwa meza yake kwa moyo mweupe kabisa. Usingoje abadilike. Sevcan aliendelea kumpenda, na kuvaa mtandio siku za baridi kwa sababu ulikuwa unapasha masikio moto. Lakini mambo ya moto yalipotajwa, alikuwa akisubiri yapite kama mtu anayesubiri mvua chini ya paa, kwa sababu sasa alikuwa na paa. Nyumbani alirudi kumcheka bibi, na kulala akimpa mgongo bila kumshika pua.

Ramadhani iliyofuata iliingia, mpiga ngoma akapita mtaani. Yeter aliamka kwa mazoea, mkono ukaenda mpaka kwenye swichi, ukasita hapo, kisha ukashuka. Madirisha yote ya mtaa yaliwaka isipokuwa la kwao. Asubuhi hakuna jirani aliyesema neno, ingawa mmoja aliangalia kidogo zaidi ya kawaida, na Yeter akaangaliana naye.

Bibi Zöhre alikuwa mezani akimmenyea mjukuu wake yai. Akainua macho kuitazama balbu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Jamani," akasema, "mwaka huu hata taa imekula."

Na Sevcan akacheka mpaka yai likamtoka mdomoni.